Uso wa Mama Sandukuni

Kazini, kwenye uwanja wa ndege, walimwita Taratibu, maana ndilo neno lililokuwa mdomoni mwake tangu anaingia zamu mpaka anavua fulana yake ya kung'aa. Taratibu na hicho kioo. Taratibu na hilo gitaa, kaka, halijakukosea kitu. Wapagazi walianza kwa utani, jina likanata, na mwisho hata wakubwa wa ofisini wakimhitaji kwenye kipaza sauti walisema, "Taratibu, kaunta ya mwisho."

Kaunta ya mwisho ilikuwa kule pembeni kabisa ya ukumbi, baada ya kaunta zote za kawaida. Abiria walielekezwa huko wakiwa na vitu visivyopita kwenye mkanda: baiskeli zilizopunguzwa upepo, viti vya magurudumu, mguu wa bandia uliozungushiwa blanketi la mtoto, keki ya harusi ambayo mwenyewe alikataa katakata kuiachia mpaka aione inaingia kwenye lifti. Wengi walidhani kazi ya Taratibu ni kubandika kile kibandiko chekundu chenye picha ya glasi. Alikuwa akiwaeleza bila kuchoka kwamba karatasi hiyo haizuii kitu kuanguka. Kinachosaidia ni namna kilivyofungwa. Kisiguse ukuta wa boksi. Kisicheze ukitikisa. Na ukiona sponji zimetosha, ongeza nyingine.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi za kuhesabika, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Kitinda alikuwa mfinyanzi, si wa vyungu bali wa sanamu za watu. Aliishi peke yake upande wa pili wa mji. Mama aliishi kwa Taratibu tangu miguu ilipomlegea, na Taratibu ndiye aliyemwogesha, aliyempikia vitu laini, aliyempeleka kliniki na kubishana na manesi kwa niaba yake. Hakuna aliyemlazimisha. Yeye ndiye mkubwa, na nyumba yake haikuwa na ngazi.

Siku moja Kitinda akaja na wazo la kumfinyanga mama, kuanzia kifuani kwenda juu. Mama akajidai kukataa, akisema uso wake umeshaisha, kisha akauliza avae kilemba gani. Basi ikawa kila alasiri Kitinda anakuja na udongo wake umefunikwa kitambaa kibichi, anakaa na mama sebuleni, anafinyanga.

Hapo ndipo moyo wa Taratibu ulipoanza kuchacha.

Alikuwa akirudi kutoka zamu, miguu inawaka moto, akifika getini anasikia kicheko. Si kicheko cha kikohozi alichokizoea. Mama alikuwa anacheka kama msichana, anavuta pumzi, anaanza upya. Taratibu akifungua mlango, kicheko kinakatika. Mama anajipangusa macho, Kitinda anaosha vidole kwenye bakuli.

"Mlikuwa mnacheka nini?" aliuliza siku moja, akijaribu kutabasamu.

"Aa, mambo yetu tu," mama akasema.

Yetu. Taratibu akalirudia neno hilo moyoni. Aliingia jikoni akaanza kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Kila siku aligeuza godoro la mama. Alijua mgongo wake doa kwa doa. Alijua ni jino lipi linamuuma akinywa kitu baridi. Lakini hayo yote hayakumpatia hata mara moja ile sauti aliyoisikia kutoka getini. Kitinda, ambaye hajui hata vidonge vya mama vinakaa kabati gani, alikuja na udongo tu akaipata bure.

Akajiapia kwamba hataitazama sanamu hiyo. Kitinda alipoifunika sebuleni ili ikauke, Taratibu aliipita kama anavyopita mtu aliyegombana naye. Ilipopelekwa kwenye tanuri kuchomwa, alishukuru.

Kisha simu ikaja akiwa kazini. Kitinda alikuwa amealikwa kwenye maonyesho ng'ambo, na walitaka sanamu ya mama.

"Nimechagua ndege ya zamu yako, dada," Kitinda akasema. "Sitaki mtu mwingine yeyote aishike."

Ilikuwa sifa, na Taratibu alijua ni sifa. Lakini aliipokea kama mtu anayeagizwa kubeba mkoba wa mwenzake.

Siku ya safari, Kitinda alikuja akisukuma toroli lenye sanduku la mbao, na nyuma yake dereva wa teksi akimsukuma mama kwenye kiti chake. Mama alikuwa amevaa gauni la sherehe na kujipaka wanja. Taratibu alimwona kutoka mbali na kitu kikamkata ndani. Mara ngapi alikuwa amembembeleza mama watoke hata nje ya mlango waote jua, mama akasema amechoka? Leo alikuwa amevuka mji mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kujisindikiza," mama akasema, na yeye na Kitinda wakaangaliana wakacheka.

Taratibu akaweka mikono kwenye sanduku. Akalisukuma kidogo, akalivuta. Ndani kikasikika kitu kizito kikigusa mbao.

"Nani kafunga hili?"

"Mimi na seremala."

"Mmeweka nini?"

"Magazeti. Na sweta zangu mbili."

Taratibu alisimama. Utaratibu ulikuwa wazi kabisa. Abiria aliyefunga mzigo wake mwenyewe anatia sahihi kwamba akipata hasara hatailaumu kampuni, kibandiko kinabandikwa, mzigo unapita. Hakuna ambaye angemuuliza chochote. Angelipitisha hivyo hivyo, na sauti ile ya udongo kwenye mbao ingefanya kazi yake yenyewe huko njiani, bila yeye kunyoosha kidole. Wazo hilo lilimpendeza kwa namna iliyomtisha. Alilisikia likimpa joto tumboni, kama chai.

Akachukua bisibisi akafungua kifuniko.

Akatoa sweta, akatoa magazeti, na hapo akakutana na uso aliokuwa ameukwepa muda wote ule. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, ushi mmoja juu, midomo imebanwa. Ulikuwa uso wa mtu aliye karibu kusema jambo la utundu, anasubiri tu mlango ufungwe. Taratibu aliutazama akajua kwamba hajawahi kuuona, na akajua sababu. Mlango ukifungwa, siku zote yeye alikuwa upande wa nje.

"Nimefanana?" mama akauliza kutoka kitini.

"Umefanana, mama."

"Huyu mtoto ana mikono," mama akasema, akimpapasa Kitinda mkononi.

Mikono ya Taratibu wakati huo ilikuwa inakata sponji. Aliweka sponji chini ya kidevu, kisogoni, kwenye mikunjo ya kilemba, akaivika sanamu boksi la ndani, akazungushia sponji nyingine kati ya boksi na mbao, akatikisa, akasikiliza, akaongeza. Akafunga kwa tepu nyeupe ya kazini na kuchora mishale ya kuonyesha juu ni wapi. Hajawahi kufunga mzigo vizuri namna ile, na kila alipovuta tepu alikuwa anasaga meno.

Wala hakuuacha uende na mkanda. Alishuka nao kwenye lifti mpaka chini, kwa mkuu wa wapakiaji, mtu wa makamo waliyemwita Mzee wa Neti kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kufunga mizigo isiteleze.

"Mzee, huu uingie mwisho. Usiwekewe kitu juu. Ni mama yangu."

Mzee wa Neti akavua kofia mbele ya sanduku. "Shikamoo mama," akaliambia, na vijana wake wakaangua kicheko. Kisha akalipandisha mwenyewe, akalifunga neti pande zote, akamwonyesha Taratibu kidole gumba.

Taratibu alibaki amesimama kwenye lami, masikio yamezibwa dhidi ya kelele za injini. Mlango wa tumbo la ndege ulipoanza kufungwa, neno likamtoka mdomoni kabla hajalizuia.

"Vunjika," akasema.

Hakuna aliyesikia. Hata yeye mwenyewe hakulisikia kwa masikio, alilihisi tu kwenye midomo. Akageuka akarudi juu kuhudumia mtu mwenye ngoma.

Kesho yake jioni alikuwa anamlisha mama uji simu ilipolia. Akabonyeza kitufe cha sauti ya juu ili mama naye asikie.

"Imevunjika," Kitinda akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Shingo imekatika. Uso umepasuka katikati."

Mama akaweka mkono shavuni, kama aliyepigwa.

"Pole, mdogo wangu," Taratibu akasema.

Halafu Kitinda akasema polepole, "Si wewe uliyelifungua sanduku, dada?"

Taratibu alikuwa na majibu. Angeweza kueleza sponji moja baada ya nyingine. Lakini lile neno la kwenye lami lilikuwa bado liko midomoni mwake, na alipotaka kujitetea alijisikia kama mtu aliyekamatwa na polisi kwa wizi alioufanya jirani, huku mfukoni ana kitu alichoiba mwenyewe. Akaendelea kukoroga uji. Simu ikakatika.

"Mwanangu," mama akasema, "uliifanya nini?"

Bakuli la uji likatua mezani kwa kishindo.

"Nilijua utauliza hivyo. Niliifunga vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufunga. Lakini hata ungeniona kwa macho yako usingeamini, maana mimi kwako ni mtu wa kuvunja, na yeye ndiye mwenye mikono. Nani anakuogesha? Nani anaamka usiku kwa ajili yako? Mwenzangu anakuja na tope lake unacheka mpaka machozi. Mimi lini umecheka na mimi?"

Mama alimtazama muda mrefu. Hakukasirika, na hilo lilimuumiza Taratibu zaidi.

"Wewe ukiingia unaniuliza nimekunywa dawa," mama akasema. "Yeye akiingia ananiuliza habari."

"Nisipouliza dawa nani atauliza?"

"Hakuna. Najua." Mama akashusha macho kwenye mapaja yake. "Lakini mtu aliyekuvua nguo asubuhi, mwanangu, utamtania vipi mchana? Unamwonea haya. Nikikuona nakumbuka shuka nililolichafua. Yeye hajaliona."

Taratibu aliinuka. Alichukua bakuli akaenda kuupasha uji uliopoa, akalia mbele ya jiko, kisha akarudi kumlisha.

Tangu hapo Kitinda na mama wakawa wanapigiana simu kila siku. Mama alikuwa akisikia Taratibu anaingia, anavuta shuka mpaka kichwani na simu ndani. Taratibu alipita mlangoni kwa kunyata katika nyumba yake mwenyewe, akiokota vipande vya maneno: pole mama, usijali mama, ndiyo mama. Kazini alianza kukosea. Mzee wa Neti alipopata habari, alikuja mpaka kaunta ya mwisho, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Niko tayari kwenda kumwambia mdogo wako nilivyoifunga," akasema. "Mimi na vijana wangu tutakula kiapo."

"Acha tu, mzee."

"Sasa unakubali kusingiziwa kwa nini?"

Taratibu akatikisa kichwa. Mzee angeweza kushuhudia sponji na neti. Neno alilolitamka chini ya ndege hakuna wa kulishuhudia, na ndilo lililomnyima usingizi.

Kitinda aliporudi, sanduku lilitokea kwenye mlango wa mizigo ya ajabu ajabu, na kwa vile ilikuwa zamu yake, Taratibu ndiye aliyelipokea. Aliliona kabla hata hajamwona mwenyewe. Tepu yake nyeupe ilikuwa imechanwa, na juu yake imepitishwa nyingine ya kahawia. Mishale yake ilitazama chini. Kwenye ufa wa mbao aliona sponji zote zimesukumwa upande mmoja.

Kitinda alikuwa amesimama pale na mkoba begani, amekonda.

"Walilifungua huko," Taratibu akasema.

"Ndiyo. Kwa ukaguzi. Wakalifunga kichwa chini."

"Umejua lini?"

Kitinda akaangalia pembeni, kwenye mkanda uliokuwa unazunguka na begi moja lisilo na mwenyewe.

"Niliuliza nikaambiwa, saa ileile baada ya kuzungumza na nyie."

Taratibu akahisi damu imempanda mpaka kwenye macho. "Umeniacha nikae na mama hivyo siku zote hizo, na ulikuwa unajua?"

"Alikuwa ananipigia, dada. Kila siku. Kabla ya hapo mama hakuwahi kunipigia mimi, unalijua hilo? Mimi huja kama mgeni. Nachekewa, napewa chai, naondoka. Nikiwa namfinyanga namwambia tulia mama, yeye shingo mlangoni. Kila gari likisimama nje anasema, nadhani ni dada yako huyo. Wewe unaye asubuhi na jioni. Nikasema, acha safari hii moja akukasirikie wewe, nimpate mimi."

Mkono wa Taratibu ulikuwa umeinuka. Aliuona umeinuka, akaushusha juu ya sanduku.

"Mimi niliiambia ivunjike," akasema. "Kwa mdomo wangu. Ndege ikiwa inafungwa."

Kitinda akamkazia macho. "Kwa sauti?"

"Injini zilikuwa zinawaka. Lakini ndiyo, kwa sauti."

Walisimama hivyo, mmoja huku na mwingine kule, mpaka abiria mwenye baiskeli akawaomba njia. Hawakukumbatiana. Kitinda alishika upande mmoja wa sanduku, Taratibu akashika wa pili, wakalitoa nje.

Nyumbani Kitinda ndiye aliyemweleza mama, na Taratibu alimwacha aeleze yote peke yake bila kumsaidia hata kwa neno moja. Mama alisikiliza huku ameshika kipande chenye pua na nusu ya mdomo. Akakigeuza, akakitazama kwa ndani.

"Kwa hiyo mmenigombania kama nguo ya mtumba," akasema mwisho. "Huyu anavuta mkono, huyu anavuta pindo." Akamrudishia Kitinda kipande. "Nitakuja kukaa kwako. Mpaka huyu mwenzako apumzike."

Taratibu alitaka kusema kwamba hajachoka. Badala yake akaenda kupanga nguo za mama. Alipanga vidonge kwa mpangilio wake, akaandaa shuka za akiba, akamwelekeza Kitinda namna ya kumnyanyua bila kumuumiza bega. Kitinda aliitikia kila kitu, na macho yake yaling'aa kwa furaha aliyoshindwa kuificha. Teksi ilipoondoka Taratibu alirudi ndani, akakaa kwenye kitanda kilichotandikwa vizuri mno, na wivu ukamjia mpya kabisa, mkali kuliko ule wa mwanzo. Aliwaza mama akicheka kule siku nzima. Aliwaza hatatakiwa tena.

Alijizuia kwenda mpaka akashindwa. Siku ya mapumziko alinunua matunda, akavuka mji, akagonga.

Kitinda alifungua, nywele hazijachanwa, kwapani ameshikilia shuka lililolowa. Nyuma yake sauti ya mama ilikuwa inalalamika kwamba uji una chumvi, na kwamba dawa ameshakunywa, asisumbuliwe.

"Hajanywa," Kitinda akanong'ona.

Taratibu akaingia chumbani. Mama alipomwona, uso wote ukafunguka.

"Njoo, njoo, kaa hapa," akasema, akipiga kitanda kwa kiganja. "Hebu nipe habari za huko kwenu uwanjani. Nani kaleta kituko gani juzi?"

Taratibu akakaa. Akaanza na bwana mmoja aliyetaka kusafirisha kichwa cha nyati kilichokaushwa, pembe zake hazipiti mlangoni, naye anasisitiza kwamba ni mzigo wa mkononi. Mama akaanza kutikisika. Alipofika mahali ambapo wapagazi waligoma kukishika kwa kuwa macho yake yanawafuata, mama alikuwa ameshika ubavu, anavuta pumzi, anaomba aache kwanza, kisha anaomba aendelee. Taratibu mwenyewe alicheka mpaka akasahau alikuja na matunda.

Akageuka kuyachukua, akamwona Kitinda mlangoni. Alikuwa bado na lile shuka mikononi. Alikuwa anatabasamu, lakini taya zilikuwa zimebana, na macho yamemkazia mama kwa njaa ambayo Taratibu hakuhitaji kuelezwa.

Kwa muda mfupi, Taratibu alifurahi. Alifurahi vibaya, na alijua ni vibaya. Kisha akainuka, akamwondolea mdogo wake shuka mikononi.

"Kaa wewe," akamwambia. "Mwambie akusimulie ile ya nyati tangu mwanzo. Nitafua mimi."

"Dawa je?"

"Nitaleta nikimaliza."

Akaenda bafuni akafungua maji. Kutoka chumbani alisikia mama akianza kusimulia, anakosea, anarudi nyuma, na Kitinda anamuuliza pembe zilikuwa ndefu kiasi gani. Taratibu alikuwa bado na wivu. Akamimina sabuni, akakunja mikono ya gauni, akaanza kufua.